Dawa Inayofuata Sahani, Si Saa: Kongosho Lisipotoa Vimeng'enya vya Kutosha

Bahasha ya dawa ikiandikwa "1x3" kila mtu anaelewa: kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku. Dawa nyingi huvumilia utaratibu huo. Vidonge vya vimeng'enya vya kongosho havivumilii, na hiyo ni sababu kubwa ya watu kuvitumia kwa miezi kisha wakasema havina kazi. Mgonjwa amemeza kimoja saa moja asubuhi na maji matupu, mahamri na mbaazi za nazi akavila saa mbili na nusu, na choo bado kinaelea. Hapo maneno huanza kuzunguka barazani: mara dawa ni bandia, mara ni taifodi iliyojificha, mara kuna mkono wa mtu.

Tuanze na kongosho lenyewe. Limelala nyuma ya mfuko wa tumbo, urefu wake kama sentimita 15, na lina kazi mbili ambazo hazifanani. Ya kwanza ni kutia homoni kwenye damu, insulini ikiwemo, na kwa kazi hiyo karibu kila nyumba yenye mgonjwa wa sukari inalijua. Ya pili, isiyosemwa sana, ni kumimina maji ya kumeng'enyea chakula katika mwanzo wa utumbo mwembamba, karibu lita moja na nusu kwa siku. Ndani ya maji hayo mna vimeng'enya vya aina tatu kubwa: lipasi inayovunja mafuta, amilasi inayovunja wanga, na proteasi zinazovunja protini. Mna pia bikaboneti, ambayo kazi yake ni kupoza ukali wa asidi inayoshuka kutoka tumboni.

Kimeng'enya kwa maneno mepesi ni kikata chakula. Utumbo hauwezi kunyonya tone la mafuta au kipande cha nyama kama kilivyo; ni lazima kwanza kikatwe kiwe chembe ndogo mno. Kisipokatwa, kitapita na kutoka upande wa pili, na mtu atakuwa amekula bila kulishika.

Upungufu unapoingia, mafuta ndiyo ya kwanza kuonyesha. Wanga una msaidizi mwingine, yaani mate, na protini huanza kushughulikiwa na tumbo lenyewe. Mafuta humtegemea karibu mmoja tu, lipasi ya kongosho, na lipasi ni dhaifu: asidi huiua upesi kuliko wenzake. Kongosho pia lina akiba kubwa. Choo cha mafuta huonekana waziwazi pale uwezo wake uliposhuka hadi kama asilimia 10 ya kawaida. Kwa hiyo dalili zikija, tatizo si la juzi.

Dalili yenyewe watu huona haya kuieleza, na daktari asipouliza haisemwi. Choo huwa cha rangi hafifu, kingi, chenye harufu kali isiyo ya kawaida, kinang'ang'ania pembeni mwa shimo na kukataa kwenda na maji, wakati mwingine kikiacha utando wa mafuta juu ya maji. Tumbo hujaa upepo na kunguruma baada ya kula. Mwili hupungua ingawa mtu anakula vizuri. Kuelea peke yake si ushahidi, maana hata choo chenye gesi nyingi huelea. Mafuta na kupungua mwili vikiandamana ndipo jambo lina uzito. Wapo pia wasiopata dalili kali kwa kuwa wamejinyima vyakula vya mafuta bila kujua, wakisema tu kwamba "wali wa nazi haunipendi".

Yanayochanganywa na ugonjwa huu

Kiungulia na vidonda vya tumbo vinauma juu ya kitovu, lakini havileti choo cha mafuta. Maziwa yanayomsumbua mtu mzima huleta gesi na kuhara baada ya kunywa maziwa tu, kwa sababu ya sukari iliyomo ndani yake. Taifodi ni homa kwanza. Kipimo cha damu cha Widal, ambacho wengi wamezoea kukifanya kila tumbo likivurugika, huweza kusoma "ndiyo" kwa mtu ambaye hana taifodi hiyo wakati huo, na hapo miezi ya dawa za kuua bakteria hupotea bure.

Anayefanana kweli na upungufu wa vimeng'enya ni giadia, kijidudu kinachopatikana kwa maji machafu. Huleta choo cha mafuta, gesi na kukonda, karibu sawasawa. Kwa mji unaokunywa maji ya visima vifupi vilivyo karibu na mashimo ya vyoo, ni haki daktari amtafute giadia kwanza kwa kipimo cha choo, kwani hutibika kwa dawa ya siku chache. Wengine wanaopaswa kuangaliwa ni kifua kikuu cha utumbo, virusi vya Ukimwi, na ugonjwa wa siliaki, ambao mwenye nao akila ngano utumbo wake huharibika.

Sababu za kongosho lenyewe kushindwa zinajulikana. Kubwa kwa watu wazima ni uvimbe wa kongosho wa muda mrefu, ambao pombe na sigara huuchochea, kila kimoja kwa upande wake na vibaya zaidi vikiwa pamoja. Mnazi wa kunywa haumo nje ya hesabu hii. Kulewesha kwake ndiko kuharibu kwake, hata ukitoka mtini asubuhi ya leo. Ila isidhaniwe kwamba kila mgonjwa ni mlevi. Mawe ya nyongo yanayoziba njia, magonjwa ya kurithi, saratani ya kongosho, upasuaji wa kuondoa sehemu ya kongosho au tumbo, na aina ya uvimbe wenye mawe ndani ya kongosho unaowapata vijana wa nchi za joto ambao hawajawahi kuonja pombe, vyote huishia hapohapo. Mtoto mwenye utapiamlo mkali pia hupungukiwa vimeng'enya kwa muda, na hurudi kawaida akilishwa. Mtoto asiyenenepa, mwenye choo cha mafuta, vifua vya mara kwa mara na ngozi yenye chumvi isiyo ya kawaida anahitaji kuchunguzwa ugonjwa wa kurithi wa faibrosisi sistiki, ambao ni nadra kwetu lakini upo.

Kipimo kinachotumika zaidi huitwa elastasi ya choo. Sampuli ndogo ya choo kilichoshikana hupimwa kiwango cha kimeng'enya cha elastasi, ambacho hupita utumboni bila kuvunjika. Zaidi ya mikrogramu 200 kwa gramu moja ya choo ni kawaida. Chini ya 100 ni upungufu mkali. Kati ya hapo ni eneo la shaka linalohitaji kutazamwa pamoja na dalili. Choo cha majimaji hudanganya, kwa sababu maji huzimua sampuli na namba ikashuka pasipo ugonjwa. Mtu aliyekwisha kuanza vidonge hahitaji kuviacha kabla ya kipimo, kwani kipimo hiki hutambua elastasi ya binadamu tu, na iliyomo katika vidonge ni ya mnyama. Kosa linalorudiwa sana ni kupima amilasi ya damu, kuikuta sawa, na kumwambia mgonjwa kongosho lake zima. Kipimo hicho cha damu kinafaa kongosho lililovimba ghafla kwa maumivu makali. Kwa kongosho lililochoka taratibu kwa miaka, hakisemi kitu. Picha ya ultrasaundi au CT hutafuta sababu: mawe, uvimbe, njia iliyoziba.

Vidonge hivi ni nini na vinamezwaje

Ndani ya kila kidonge cha ganda mna vipunje vidogo vya pankreatini, mchanganyiko wa lipasi, amilasi na proteasi. Kila kipunje kimevikwa ngozi nyembamba inayostahimili asidi ya tumbo na kuyeyuka kikifika utumboni, ambako ukali umepungua. Namba iliyo juu ya kopo, 10,000 au 25,000, ni yuniti za lipasi katika kidonge kimoja. Hiyo ndiyo namba ya kuitazama. Anayepewa kopo la 10,000 baada ya kuzoea la 25,000 na akaendelea kumeza idadi ileile, amepunguza dawa yake kwa zaidi ya nusu bila kujua.

Mwongozo unaofuatwa Uingereza humwanzisha mtu mzima kwa yuniti 50,000 kwa mlo kamili na 25,000 kwa kitafunio; miongozo mingine huanzia 40,000 kwa mlo. Kwa kidonge cha 25,000 hiyo ni viwili kwa chakula, kimoja kwa kitafunio. Kwa cha 10,000 ni vitano kwa chakula, na hapa watu hushtuka: vidonge vitano kwa sahani moja ya wali! Lakini kongosho zima hutoa yuniti laki kadhaa kwa mlo mmoja. Vitano vile bado ni sehemu ndogo ya alichokuwa akijitengenezea mwenyewe.

Wakati wa kumeza ndio unaoamua kila kitu. Vimeng'enya havifanyi kazi mwilini kwa kupitia damu kama dawa ya presha. Vinafanya kazi juu ya chakula, na ni lazima vishuke pamoja nacho. Ni kama hamira ya mahamri: hukandwa pamoja na unga, hainyunyiziwi juu baada ya andazi kutoka kwenye karai, na ikitiwa maji ya moto hufa kabla ya kuumua chochote. Kidonge cha kwanza kimezwe na tonge la mwanzo. Ikiwa dozi ni zaidi ya kimoja, kingine kimezwe katikati ya mlo. Mlo ukivuka nusu saa, kwa mfano sinia la arusini ambapo pilau huja, kachumbari ikafuata, kisha ndizi na mazungumzo, dozi igawanywe mara tatu. Kumeza vyote nusu saa kabla ya kula ni kuvituma mbele peke yao. Kumeza baada ya kunawa mikono ni kuvituma kufukuza basi lililokwisha kuondoka Mokowe.

Aliyesahau, kama bado anakula, ameze hapohapo. Kama amemaliza zaidi ya nusu saa iliyopita, aache, na asijumlishe dozi mbili kwenye mlo ujao.

Maji ya kumezea yawe ya kawaida au baridi, kamwe si chai ya moto. Kidonge hakitafunwi, kwa sababu meno huvunja ngozi ya vipunje, asidi ikaviua, na unga ukibaki mdomoni huchoma fizi na ulimi mpaka vidonda. Mzee asiyeweza kumeza anaweza kufunguliwa ganda, vipunje vikatiwa kwenye kijiko cha tunda laini lililopoa na lenye uchachu kidogo, akameza papo hapo bila kutafuna na kusukutua kwa maji. Visitiwe kwenye uji wala maziwa: humo ngozi ya vipunje huanza kuyeyuka kabla ya kufika tumboni.

Sasa, sahani. Kinachoongoza dozi ni mafuta. Maji, chai ya rangi, kahawa chungu, maji ya dafu, embe, papai, tende mbili tatu: hivi havihitaji kidonge. Kahawa ikija na halwa, mambo hubadilika, maana halwa ina samli. Kikombe kikubwa cha chai ya maziwa matupu kinahitaji, na vilevile korosho, karanga, parachichi, kaimati, viazi karai. Mililita 100 za tui zito zina karibu gramu 20 za mafuta, kwa hiyo samaki wa kupaka na wali wa nazi katika mlo mmoja ni mlo mzito kuliko unavyoonekana, na mwenye dozi ya viwili anaweza kuhitaji vitatu siku hiyo. Mlo wa samaki wa kuchoma na ugali na mchicha wa kuchemsha unaweza kutosheka na dozi ya chini. Mgonjwa akijifunza kusoma sahani hivi, anaweza kupandisha kidonge kimoja kwa kila mlo mzito, akatazama choo kwa siku tatu nne, na kumweleza daktari kilichotokea.

Ipo dari. Kwa kawaida mtu asivuke yuniti 10,000 za lipasi kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku bila uangalizi wa mtaalamu. Mwenye kilo 60 hafiki zaidi ya 600,000, yaani vidonge 24 vya 25,000. Kwa watoto mpaka huu una sababu nzito: dozi kubwa mno zimewahi kuhusishwa na kukazana kwa utumbo mpana. Dozi ya mtoto hupangwa kwa uzito wake na daktari wa watoto, isikisiwe nyumbani.

Suala la nguruwe

Hili husemwa kwa kunong'ona, na ni afadhali lisemwe wazi. Pankreatini iliyo katika vidonge hivi vyenye kipimo cha lipasi hutengenezwa kutokana na kongosho la nguruwe. Mgonjwa wa Lamu, mji ambao adhana husikika kila kona, ana haki ya kuambiwa hivyo kabla ya kumeza, siyo kugundua miezi sita baadaye kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya kasha na kuitupa dawa yote baharini. Wapo walioacha matibabu kimya kimya kwa sababu hiyo, na daktari akabaki kupandisha dozi ya dawa isiyomezwa.

Kwa nini isitumike ya ng'ombe? Ya ng'ombe imewahi kutumika, lakini nguvu yake juu ya mafuta ni ndogo, na mafuta ndiyo shida yenyewe. Vimeng'enya vya ukungu na vya mimea vinavyouzwa kama virutubisho havina uzito wa ushahidi wala kipimo kinachoaminika cha kuchukua nafasi hii.

Katika sheria ya Kiislamu mlango unaozungumziwa hapa ni wa dharura. Aya ya 173 ya Sura ya Al-Baqara, baada ya kutaja nyamafu, damu na nyama ya nguruwe, inamwondolea dhambi aliyelazimika pasi na kutamani wala kuvuka mpaka. Wanazuoni wengi wameruhusu dawa yenye asili ya nguruwe pale ambapo hakuna mbadala unaofanya kazi na madhara ya kuiacha ni ya kweli. Wengine huongeza hoja ya istihala, kwamba kitu kilichobadilika umbile hubadilika hukumu, na wengine hawaikubali hoja hiyo. Makala ya afya haitoi fatwa. Inachoweza kufanya ni kumpa mgonjwa maelezo sahihi ya kumpelekea sheikh wake: upungufu umethibitishwa kwa kipimo, mbadala wa nguvu sawa haupo sokoni, na kuacha matibabu kunaleta kukonda, mifupa dhaifu na upungufu wa vitamini. Sheikh akiulizwa tu "je, dawa ya nguruwe inafaa?" bila maelezo hayo, ataulizwa swali nusu.

Yanayosemwa mitaani

"Papai humaliza tatizo." Papai lina kimeng'enya cha papaini, na mpishi yeyote anajua linavyolainisha nyama. Papaini huvunja protini. Mafuta haiyagusi, na mafuta ndiyo yanayopita. Nanasi ni vivyo hivyo. Tangawizi hutuliza kichefuchefu, basi.

"Dawa ya maji ya kusaga chakula ni ileile kwa bei nafuu." Chupa nyingi za aina hiyo zina daiastasi ya ukungu na pepsini, moja kwa ajili ya wanga na nyingine kwa protini. Kama kasha halitaji yuniti za lipasi kwa namba, hiyo siyo dawa inayozungumzwa hapa.

"Mafuta ya nazi hayahitaji vimeng'enya." Hili lina chembe ya ukweli iliyovimba. Kuna mafuta ya mnyororo wa kati ambayo hunyonywa kwa urahisi hata lipasi ikipungua, na hospitalini hutumiwa kwa wagonjwa maalumu. Lakini karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, ambayo kwa sehemu kubwa mwili huishughulikia kama mafuta marefu. Yale mafupi yanayonyonywa kwa urahisi kweli ni kama sehemu moja kati ya saba tu. Tui linahitaji kidonge.

"Acha mafuta yote." Ushauri huu ulitolewa zamani na bado unaendelea kutolewa. Mgonjwa wa namna hii tayari amekonda. Kumnyima mafuta ni kumnyima nguvu na vitamini. Leo mkazo ni kula mlo wa kawaida na kuulinganisha na vimeng'enya, ukigawanywa katika milo midogo zaidi kwa siku. Cha kupunguza ni makapi mengi kupita kiasi, kama pumba zinazoongezwa makusudi kwenye unga, kwa kuwa nyuzinyuzi nyingi mno huzuia vimeng'enya.

Mwezi wa Ramadhani huleta swali lake. Kidonge hakihitajiki pasipo chakula, kwa hiyo mchana wa saumu hakuna dozi inayokosekana. Swali ni kama mwili wenyewe unaweza: aliyekonda sana au mwenye sukari inayopanda na kushuka azungumze na daktari kabla ya mwezi kuandama, si baada ya kuanguka. Anayefunga afuturu kwa tende na maji bila kidonge. Cha kwanza akimeze sambusa na bajia zinapoanza, kingine wakati wa chakula kikuu baadaye, na daku lihesabiwe kama mlo kamili. Kula kidogo kidogo mfululizo kuanzia magharibi hadi tarawehe, ambako ndiko kuzuri kwa ulimi, ndiko kugumu kwa dozi: hakuna mwanzo wala katikati. Ni rahisi zaidi kula kwa vituo viwili vinavyojulikana.

Dawa ikionekana haifanyi kazi

Kabla ya kuilaumu, yapo ya kukaguliwa kwa mpangilio. Inamezwa na tonge la kwanza kweli? Dozi inatosha kwa sahani hii, au mgonjwa bado yupo kwenye 1x3? Muda wake haujapita? Na imehifadhiwa wapi?

Hilo la mwisho ni letu hasa, sisi wa pwani. Vidonge hivi kwa kawaida huandikiwa vihifadhiwe chini ya nyuzi 25 za joto, na miezi ya kaskazi mchana wa Lamu na Malindi hupita 30 bila shida. Kopo lililokaa kwenye boti juani, au nyuma ya kioo cha gari kutoka Mombasa, au juu ya kabati lililo chini ya paa la mabati, linaweza kuwa limepoteza nguvu huku vidonge vikionekana vizima. Kopo lisafiri ndani ya mfuko wenye kivuli, likae katika chumba cha chini chenye ukuta mnene, mbali na jiko, kifuniko kikiwa kimekazwa kwa sababu unyevu nao ni adui. Vidonge visihamishiwe kwenye vikaratasi vya wiki nzima. Kuhusu jokofu, fuata maelezo ya kasha lako. Kwenye barafu usiweke.

Yote hayo yakiwa sawa na choo bado ni cha mafuta, daktari huongeza dozi, kisha huweza kuongeza dawa ya kupunguza asidi kama omeprazoli. Sababu yake inaeleweka: kongosho lililochoka halitoi bikaboneti pia, utumbo unabaki na ukali, na ngozi ya vipunje inachelewa kuyeyuka mpaka chakula kimeshapita. Hata hapo isipotulia, utambuzi wenyewe urudiwe: giadia, bakteria waliozidi utumboni, njia ya nyongo iliyoziba.

Mafuta yanapopita bila kunyonywa huondoka na vitamini A, D, E na K. Upungufu wa A huonekana kwa kutoona vizuri giza likiingia. Wa K kwa kuvuja damu kwa urahisi. Wa D huila mifupa polepole, na jua la pwani halimwokoi anayekaa ndani au kujifunika mwili mzima anapotoka. Damu ipimwe mwanzoni na angalau mara moja kwa mwaka. Mizani nayo ni kipimo: uzito ukipanda wiki hadi wiki, dozi inafanya kazi, hata kama choo hakijawa kizuri kabisa.

Mwenye sukari anahitaji tahadhari ya pekee. Kongosho lililoharibika hupoteza insulini na pia glukagoni, homoni inayoinua sukari ikishuka, kwa hiyo sukari yake hushuka ghafla na huchelewa kujirudisha. Akianza vimeng'enya, chakula kilichokuwa kikipotea sasa kinaingia, na sukari inaweza kupanda katika wiki za mwanzo. Hiyo ni ishara ya kupanga upya insulini, isimfanye aache vidonge.

Kuacha sigara na pombe hakurudishi kongosho lililokufa, lakini hupunguza kasi ya lililobaki kufa. Kwa wengi wenye uvimbe wa muda mrefu vidonge ni vya maisha, na hilo lina hesabu yake. Anayekula milo mitatu na vitafunio viwili kwa dozi ya kuanzia humaliza vidonge vinane vya 25,000 kwa siku, na kopo la vidonge 100 litamfikisha siku ya kumi na mbili. Akiwa Lamu, aagize kingine ikibaki wiki nzima, kwa kuwa bahari ikichafuka au duka likiishiwa, siku mbili tatu bila kidonge hutosha kurudisha gesi na choo kilekile.

Kwa mtu aliyevuka miaka 50 akakonda bila sababu, hasa sukari ikimwanza ghafla, au macho yakawa manjano na mkojo mweusi kama chai ya rangi, au maumivu ya juu ya tumbo yanayochoma hadi mgongoni yasiyokoma usiku, asianze kwa vidonge vya vimeng'enya. Aanze kwa picha ya kongosho, na aende wiki hii.